Kapiteni Juu ya Meza ya Mkuu wa Shule

Mwaka wa sita wa shule ya msingi, kwetu Kisangani, una kanuni zake, nazo zapaswa kuelezwa kwanza. Mwishoni mwa mwaka huo mwanafunzi hufanya mtihani wa taifa, na asiyeufanya hapandi mwaka wa saba. Hajipeleki mwenyewe, shule ndiyo inayomwandikisha. Katika shule ya mpwa wangu, iliyo mwendo mfupi kutoka maporomoko ya mto, mkuu wa shule aliongeza sharti lake, akawatangazia wazazi wote uani siku masomo yalipofunguliwa: atakayekosa mtihani wa majaribio, ule ambao walimu huuita examen blanc, bila mzazi kuja kutoa sababu mapema, hataandikishwa. Nilikuwepo, kwa kuwa dada yangu, mama wa mtoto, alitaka nimsindikize. Watoto wa kule huanza masomo kwa lugha za nyumbani, kisha Kifaransa huwajia kwa kishindo, na mtihani wa taifa huandikwa kwa Kifaransa. Mkuu wa shule alitaka kujua mapema nani angezama. Sharti lilionekana kwangu kuwa la haki, na bado naliona hivyo.

Mto nao una kanuni zake. Shemeji yangu, baba wa mtoto, ni mvuvi wa maporomoko kama alivyokuwa baba yake. Nguzo za miti husimikwa kati ya miamba, mitego mikubwa ya fito hufungwa juu yake, na maji yenyewe humsukuma samaki ndani. Kila familia ina mahali pake. Nguzo zilizochakaa hubadilishwa maji yakipungua, na siku hiyo haipangwi na mtu yeyote. Katika nyumba ya shemeji, nguzo mpya inaposimikwa, mtoto wa kwanza huishika kwa mikono yake hadi ikaze. Asiyeishika hatakuwa na neno mahali pale akiwa mkubwa. Mpwa wangu ndiye mtoto wa kwanza, naye ni msichana. Baba zake wadogo wangefurahi sana kuona mkono mwingine juu ya nguzo ile.

Desturi ya pili ya nyumba hiyo ni ndogo zaidi, lakini ndiyo iliyoleta yote. Mwenye jambo la kueleza au la kuombea radhi haendi mikono mitupu. Huweka samaki mbele ya mwenzake kwanza, hunyamaza, husubiri apokelewe, ndipo husema. Samaki akipokelewa, mazungumzo yameanza. Akirudishwa, watu hao wawili hawana tena la kuambiana.

Maji yalipungua usiku wa kuamkia examen blanc.

Alfajiri familia nzima ilikuwa miambani, na mpwa wangu aliishika nguzo. Kesho yake shemeji alichukua samaki aina ya kapiteni, mkubwa kuliko wote wa mtego mpya, akaenda shuleni, akaingia ofisini ambamo wazazi wengine walikuwa wakingoja zamu, akamlaza samaki juu ya meza, akasimama kimya. Aliambiwa atoke, akatoka akidhani ataitwa. Saa ya kufunga masomo mpwa wangu alipewa samaki amrudishe nyumbani.

Dada yangu aliponipigia simu nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, kutoka Mangobo ninakoishi na kufundisha. Nilimkuta shemeji ameketi kumkabili kapiteni yule kana kwamba ni mgeni asiyetaka kuondoka.

"Bokilo," akaniambia, kama mashemeji wanavyoitana kwetu, "angalia. Samaki yangu imerudi."

"Imerudi namna gani?"

"Kwa mikono ya mutoto! Donc miye niko mwizi?"

"Directeur hakusema mwizi, papa," binti yake akasema. "Alisema corruption."

"Iko kitu moja."

"Haiko kitu moja. Mwizi anabeba. Weye ulileta."

Shemeji alimtazama, akanigeukia mimi. "Bon. Kama samaki yetu inarudi, mutoto naye anarudi. Atabakia huku. Mto haina examen."

"Haina?" dada yangu akajibu kutoka jikoni. "Na kushika nguzo mpaka mikono inatoka damu, ile ilikuwa récréation?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa mtoto, naye alicheka huku akiificha mikono yake. Kisha akanivuta kando. "Tonton, miye nataka vyote mbili," akasema. "Nguzo na mwaka wa saba."

Ombi hilo halikuwa kubwa kupita kiasi. Siku iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wa shule. Ni mzaliwa wa Opala, mtu wa familia ya wakulima, na mwaka ule ulikuwa wake wa kwanza mjini. Nilimwona kuwa mtu mnyofu, na unyofu wake ndio uliokuwa umefunga mlango.

"Professeur, sina chuki na mutoto," akaniambia. "Kwa calcul iko wa kwanza. Lakini papa yake anaingia, batu wote wanaangalia, anaweka kapiteni juu ya meza yangu, hasemi hata bonjour! Nifikiri nini?"

"Kwao, ile ndiyo bonjour."

Alicheka, kisha akajizuia. "Alors, nikipokea bonjour ya namna ile, kesho mwingine ataniletea bonjour yenye pembe nne na mikia mbili."

Nilimweleza desturi yote, bila kuipamba. Nikamwuliza pia neno "mapema" lina maana gani kwa mtu ambaye mto umempa taarifa usiku.

"Sababu ningeipokea," akasema. "Samaki ndiyo siwezi."

"Huwezi kumpokea ofisini. Akiliwa uani, mchana, na darasa zima la sita pamoja na walimu wao, atakuwa amemnunua nani?"

Alikubali, akaweka masharti mawili: baba aje mwenyewe kutoa sababu kwa kinywa chake, na mtoto apewe maswali mapya, si yale ambayo wenzake walikwisha kuyajadili njiani. Yote mawili yalikuwa sahihi. Nisingekubali mtihani mwepesi zaidi.

Nilipompelekea masharti hayo, shemeji aliniuliza jambo moja tu.

"Directeur atakula?"

"Atakula."

"Mbele ya batu?"

"Mbele ya batu wote."

Akamwita mke wake atafute majani ya liboke, ya kufungia samaki wa kuchoma.

Kapiteni wa kwanza alikuwa amekwisha kuliwa na majirani, kwa hiyo mto ulitoa wengine. Shemeji aliwalaza juu ya benchi uani, akanyamaza. Mkuu wa shule alisimama mbele yake na kuweka mkono juu ya samaki mmoja, kama nilivyomwelekeza.

"Directeur," shemeji akasema, "mutoto alikosa examen sababu ya nguzo. Maji ilishuka usiku. Sikuweza kukuya mbele."

"Nimesikia, papa. Ukiona maji inataka kushuka, kuya uniambie. Hata kama haijashuka."

"Nitakuya."

"Na siku ile, papa, anza na mudomo."

"Nitaanza na yote mbili."

Dada yangu aliwafunga samaki katika majani na kuwachoma, na wanawake wa jirani wakaleta lituma, ndizi za kupondwa. Mpwa wangu alikuwa peke yake darasani akiandika, dirisha likiwa wazi, na harufu ya liboke ikimfikia. Mkuu wa shule aliketi kati ya wanafunzi, akala kwa mkono, akakwamwa na mwiba.

"Directeur," mwalimu wa darasa la sita akasema, "mwiba ya corruption iko nguvu!"

Shemeji ndiye aliyecheka kwanza, akampa maji.

Mtoto alitoka, akakabidhi karatasi yake, akauliza kama wamemwachia kichwa cha samaki. Walikuwa wamemwachia.

Aliandikishwa. Alifanya mtihani wa taifa pamoja na wenzake, akafaulu, na sasa yuko mwaka wa saba. Mahali pa miambani ni pake.