Egla na Ada Zilizokula Transfoma

Egla Urdaneta alikuwa fundi wa feni, na mtaani kwetu Los Cujíes, hapa Maracaibo, hakuna aliyempenda. Alizisuka upya mota zilizoungua, akakurudishia feni inazunguka kama imetoka dukani. Ukimlalamikia bei anakuambia, "Basi jipepee na mfuniko wa sufuria." Nimeishi naye ukuta mmoja miaka thelathini na moja. Ulimi wake naujua kuliko wangu.

Mwaka wa pili wa yale maradhi yaliyoifungia dunia nzima ndani, mwezi wa nne, transfoma yetu ililipuka mchana kweupe. Tuliona tukikaa kungoja tuletewe nyingine tutaoza kwa joto, tukakubaliana kujinunulia iliyotumika kwa dola elfu moja na mia nne. Nyumba ishirini na mbili, karibu kila moja ina mtoto ughaibuni: Chile, Peru, Hispania. Watoto wangetuma dola za kidijitali, na mwenye pochi ya kuzipokelea kwenye simu alikuwa Eudo Finol, mtengeneza simu. Zamani Eudo alikaa dirishani benki, na hakutuacha tusahau.

Kila mchango ukiingia, Eudo aliuhamishia kwa mvunja fedha wa mjini, akapewa dola za karatasi. Baada ya wiki tano akabandika karatasi mlangoni kwake: zilizoingia, dola 812; ada ya mtandao, dola 494.

Egla aliisoma mara mbili. Kisha akamfuata Eudo kwenye lori la maji, watu wote tumepanga madumu.

"Eudo, mia nne na tisini na nne kazila nani?"

"Mtandao, Bi Egla. Hayo ni mambo ya kompyuta, si ya feni."

"Mtandao una tumbo? Mwizi we! Watoto wetu wanasafisha vyoo vya watu huko, wewe unakula!"

Nélida, mkewe Eudo, akaweka ndoo chini. "Chunga mdomo wako, mchawi mkubwa! Mume wangu kashika mamilioni ya watu benki, hakugusa senti!"

"Ndiyo maana walimfukuza, alikuwa hajui kugusa!"

Tulicheka, nami nilicheka, Mungu anisamehe. Kesho yake mlango wa Eudo ulikutwa umechorwa kwa msumari neno moja: MWIZI. Wiki hiyohiyo dirisha lake likapigwa jiwe. Wateja wakahamia kwa fundi wa barabara ya pili. Michango ikasimama, na kwenye pochi yake zikabaki dola mia tatu na kitu, zilizoingia baada ya ile karatasi, alizokuwa hajazihamisha, kwa sababu sasa aliogopa hata kuigusa simu.

Egla hakuridhika. Alitaka ushahidi. Akampigia bintiye, Yoselin, anayeosha nywele za watu kwenye saluni Santiago.

"Mama, mtandao hauangalii unatuma kiasi gani," Yoselin akamwambia. "Unauza nafasi kwenye daftari lake. Utume dola kumi, utume elfu kumi, nafasi ni ileile na bei ni ileile. Watu wakiwa wengi ndipo bei inapanda."

"Kama lori la maji. Linatoza safari, halitozi ndoo."

"Hapohapo. Sasa huyo mzee anatuma mara ngapi?"

"Nitajuaje, mwanangu?"

"Daftari liko wazi kwa dunia nzima. Nipe anwani ya pochi yake."

Anwani ilikuwa kwenye ileile karatasi ya mlangoni. Siku tatu Egla alikwenda kukaa kwenye duka la mikate lenye jenereta, simu yake yenye kioo kilichopasuka mkononi, akinakili mistari kwenye boksi la feni. Safari ishirini na saba. Kila dola thelathini ilisafirishwa peke yake, asubuhi ya siku za kazi, wakati mtandao umefurika, na kila mara Eudo alikuwa amechagua "haraka zaidi", ile ya bei ya juu. Dola kumi na nane kwa safari, nyingine ishirini. Akajumlisha: mia nne na tisini na nne. Hata senti moja haikuingia mfukoni mwa Eudo.

Alikuja ukutani kwangu na uso wa mtu aliyefiwa.

"Hajaiba," akasema.

"Si ndiyo afadhali?"

"Afadhali kwa nani? Mwizi ningemnyang'anya. Huyu nitamnyang'anya nini?"

Nikamwambia aende akaombe radhi. Alikwenda kweli, nami nyuma yake, na majirani nyuma yangu. Eudo alifungua mlango nusu.

"Ulidhani wanakata kwa asilimia," Egla akamwambia. "Kama benki. Kwa hiyo ukaona kidogokidogo au kwa mkupuo ni mamoja."

"Ndivyo ilivyo kila mahali," Eudo akajibu.

"Sivyo ilivyo huko." Egla akatugeukia sisi. "Jamani, huyu si mwizi. Ni mjinga tu."

Eudo alitikisika kama kapigwa kofi. "Heri ungeniacha na lile la kwanza," akasema. Nélida akaubamiza mlango.

Siku mbili baadaye Nélida mwenyewe alileta simu ya mumewe na dola za karatasi zilizokwisha kuvunjwa, akavitupa juu ya meza ya Egla bila salamu. Walingoja Jumapili alfajiri, mtandao umepoa. Egla akachagua "polepole" na kuzihamishia kwa mvunja fedha zote zilizobaki, kwa safari moja. Ada: dola mbili na ushei. Nélida alikitazama kioo, akaichukua simu, akaondoka.

Michango iliyobaki tuliipitisha mtandao mwingine, ule wa bei nafuu ambao Yoselin alikuwa akiutumia, kwenye pochi mpya ya Egla. Egla alitugombeza wote: kila mtoto ahakikishe mtandao anaotuma ndio uleule wa pochi, maana ukikosea pesa inaweza kupotea moja kwa moja, na kila mmoja aanze na dola tano za kujaribu. Nayo ada ililipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe, si kwa zile dola, kwa hiyo alinunua chache akaziweka akiba. Mwanangu wa Lima alilalamika kwamba anachangishwa mara ya pili. Egla akanipokonya simu: "Lalamika huku unatuma." Pesa zilipotimia, alimpa muuza transfoma zile za karatasi mkononi na kumtumia zilizobaki kwa mkupuo mmoja, akakatwa chini ya dola.

Umeme ulirudi mwezi wa saba. Mtaa mzima ulipiga kelele, isipokuwa nyumba moja. Eudo alikataa waya wake kuunganishwa. "Sitaki chochote kilichopita mkononi mwa yule mwanamke," alimwambia fundi wa nguzo. Siku kumi na moja alikaa kwenye joto na giza, shati limegandana na mgongo, mpaka Nélida alipomlipa fundi mwenyewe, mumewe akiwa sokoni. Aliporudi akakuta friji inanguruma. Hakuizima.

Egla sikumsikia akiomba radhi. Niliwahi kumuuliza kwa nini.

"Nimwambie nini?" akanijibu, akiendelea kusuka waya. "Pesa zilikwenda kweli."

Mlango wa Eudo ulipakwa rangi mara mbili. Jua likipiga pembeni, herufi zile bado zinasomeka.