Njiwa wa Uzi Mwekundu

Hsiuluan hakuwa mjinga, msimwonee bure. Ameuza maua ya ibada nje ya hekalu pale Kaohsiung tangu usichana wake, na mteja mjanja alimjua kabla hajafungua mdomo. Lakini kwa Biyun, muuza njiwa wa meza ya pili, alifumba macho. Shoga ni shoga, jamani.

Mumewe Chinfa alipotoka hospitali na figo ya kupandikizwa, akila dawa zinazodhoofisha kinga ya mwili ili figo ishike, Hsiuluan alinunua njiwa kwa Biyun. Mpe kiumbe uhuru, mgonjwa wako apone. Ndivyo walivyofanya mama zao. Mmoja akamfunga uzi mwekundu mguuni kwa fundo lake la kufungia mashada ya maua, akamtaja mumewe, akafungua tundu.

Asubuhi njiwa huyo alikuwa dirishani pao, juu ya kiyoyozi, na wenzake.

"Wamekuja kushukuru," Biyun akamwambia. "Ole wako uwafukuze! Utakuwa umefukuza uzima wa mumeo."

Tenda wema nenda zako, husema watu. Wema wa Hsiuluan ulikataa kwenda zake, ukajenga kiota. Akawamwagia mchele. Kinyesi kikalundikana, kikakauka, naye kila asubuhi akakifagia na ufagio mkavu, vumbi likiingia hadi kitandani.

"Wageni wako kula wanajua," Chinfa alimtania, "choo ndicho hawakijui."

Kikaja kikohozi. Kikafuata kichwa cha kupasua, shingo ikakakamaa, macho yakaanza kufifia. Hsiuluan akaachia njiwa wengine.

Hospitalini daktari aliuliza, "Nyumbani mnafuga njiwa?"

"Hatufugi. Wanatutembelea tu."

Daktari akashusha pumzi. Akaeleza kwamba kinyesi kikavu cha njiwa huweza kuwa na kuvu; njiwa mwenyewe haumwi, ila vumbi lake likivutwa na mtu asiye na kinga, kuvu hushuka mapafuni, kisha hupanda kwenye utando wa ubongo. Hapo ndipo ilipofika kwa Chinfa. Ufagio ule! Hsiuluan alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kitu cha kwanza alichofanya, maskini, ni kukimbilia hekaluni kumwonya shoga yake asije akaugua naye.

Alimkuta Biyun akimkabidhi mteja tundu. Ndani yake njiwa mmoja alikuwa na uzi mwekundu mguuni. Uzi umefifia, lakini fundo ni lile lile la mashada.

"Biyun, huyu si nilimwachia mimi?"

"Punguza sauti, shoga. Njiwa hurudi kwao. Banda langu liko juu ya paa, jengo linalofuata lenu."

"Kumbe! Na kunikataza nisiwafukuze?"

"Ungewatisha wangehama. Mimi ningekula nini?"

"Umekula kwangu, Biyun! Umekaa kitandani kwa mume wangu ukanywa uji wake wa viazi vitamu, unalitazama lile vumbi!"

"Mambo ya vumbi mimi nayajulia wapi?" Biyun akamgeukia mteja. "Fungua taratibu, mama. Mtaje mgonjwa wako."

Hsiuluan alirudi wodini. Chinfa, ambaye sasa haoni, aligeuza uso kuelekea hatua zake.

"Wageni umewalisha?"

Akamfuta midomo kwa kitambaa cha maji. "Nimewalisha, mume wangu. Wameshiba."

"Vizuri," Chinfa akasema. "Usije ukawafukuza. Sina mwingine anayeniombea."