Bibi Alipokwenda Bomani Kumuulizia Mwenye Simba

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu neno simba halikutamkwa jua likishatua. Tulisema "yule bwana", na wengine hata hilo waliliogopa. Nikiwasimulia wajukuu zangu hapa Kibiti siku hizi wanacheka, nami nacheka nao. Lakini mwaka ule alipouawa baba yangu hakuna aliyecheka.

Kijiji chetu kilikuwa bondeni, upande huu wa Mto Rufiji, na mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Msimu kama huo watu walihamia mashambani wakalala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ili wafukuze nguruwe na ndege. Baba alishuka alfajiri kuchota maji ya kutawadha. Kilichorudishwa nyumbani kilikuwa kimefungwa mkekani, na sisi watoto hatukuruhusiwa kukisogelea. Wala hakuwa wa kwanza.

Msiba ulipopoa kidogo, maneno yakaanza kutoka. Kwetu iliaminika kwamba simba anayekula watu si wa porini. Ni wa kutumwa, ana mwenyewe, na huyo mwenyewe ni jirani mnayesalimiana naye. Vidole vikamwelekea Mzee Mbonde, Mmatumbi aliyeshuka kutoka milimani miaka mingi nyuma. Hakuwa na mke wala mtoto, alilima peke yake mwisho wa kijiji, na nyayo za simba hazikuwahi kuonekana shambani kwake. Hilo tu lilitosha. Nami niliamini kama wote. Nikimwona anakuja, nilikimbilia ndani alikokaa mama katika eda.

Baada ya kisomo cha arobaini wanaume walikuja uani kwetu wakiongozwa na Jumbe. Walitaka ridhaa ya bibi yangu, mzaa baba, kwa sababu marehemu alikuwa mwanawe wa pekee.

"Bi Mwanahawa, tunangoja neno lako tu," alisema Jumbe. "Ukisema Mbonde aondoke, leo hii anaondoka, na nyumba yake tunaitia moto."

Bibi alikuwa akipepeta mchele, na hakuuweka chini ungo.

"Akiondoka, yule bwana ataondoka naye?"

"Ndivyo inavyojulikana."

"Mimi nataka kwenda Bomani," alisema Bibi.

Wakati ule wa Mwingereza, mtu wa kwetu alikwenda Boma la Utete, kwa Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, kwa kuitwa, tena kwa kusukumwa. Jumbe akauliza kama anakwenda kumshitaki Mbonde.

"Nakwenda kwa Bwana Shauri. Atupe mwenye bunduki. Atupe na chakula, maana mpunga hauna mlinzi na nguruwe wanaumaliza. Na anifidie mwanangu. Mbonde atakwenda nasi. Kama mnyama ni wake, njiani hatatugusa. Kama si wake, mtamwona anavyoogopa kama nyinyi."

Wakakubali, kwa sababu neno hilo lilitoka ndani ya imani yao wenyewe.

Mimi nilichukuliwa ili Bwana Shauri aone sura ya aliyeachwa. Tulitoka kumekucha, Mzee Mbonde akiwa mbele, Bibi na mimi katikati, Jumbe na wanaume wengine nyuma. Tulipofika penye matete marefu kuliko mtu, njia ikawa nyembamba na giza. Mzee Mbonde akasimama. Akaanza kusoma Ayatul Kursiyu, sauti ikikatika, akasahau katikati, akarudia mwanzo. Bibi akaidaka palepale alipokwama, wakaisoma pamoja mpaka mwisho, ndipo tukapita. Nadhani wanaume waliokuwa nyuma yetu ndipo walipoanza kuona aibu, ingawa waliificha.

Tukavuka mto kwa mtumbwi, tukakaa kwenye uwanja wa Boma mpaka adhuhuri. Bwana Shauri alikuwa kijana mwembamba aliyeungua na jua, anayezungumza Kiswahili kilichonyooka mno. Alimsikiliza Bibi mpaka mwisho.

"Serikali inasikitika sana, mama. Lakini hailipi fidia kwa mtu aliyeuawa na mnyama wa porini."

Bibi alikuwa amekaa chini. Akainuka, akanisogeza mbele.

"Bwana, tembo akifa shambani kwetu, pembe zake zinaletwa hapa. Tunaambiwa ni mali ya serikali. Kijijini wanasema aliyemla mwanangu ni mali ya mzee huyu, wanataka kumchomea nyumba. Sheria yako inasema wanyama ni wako. Mimi nimekuja kumuulizia mwenyewe. Ukinambia ni wako, mzee huyu atalala kwake salama."

Bwana Shauri alinitazama, akamtazama Mzee Mbonde aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Si wa mzee huyu," alisema. "Mambo ya fidia hayamo katika uwezo wangu. Askari wa nyama nitaleta. Na mahindi."

Mahindi yalichelewa, tena yalikuja na vidudu, lakini yalikuja, na tuliyala tukashukuru. Askari mwenye bunduki naye alifika, akapewa makao kwa Mzee Mbonde, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyekubali kuongozana naye vichakani. Walimpata simba, wakamuua. Alikuwa jike zee, taya limevimba kwa jino bovu, mbavu zinahesabika.

Lakini imani haifi kwa risasi. Ilisemekana simba wa mtu akiuawa, mwenyewe humfuata. Na kwa bahati mbaya, siku zilezile Mzee Mbonde alishikwa na homa. Kijiji kizima kikangoja afe. Bibi akapika uji, akaubeba mchana kweupe, akapita katikati ya kijiji, akaingia kwake. Akafanya hivyo kila siku mpaka mzee akaweza kukaa mlangoni.

Alipopona, alikuja na jembe lake akalima shamba la baba bila kuombwa. Akaendelea kila msimu mpaka nilipoolewa. Mchele ulionikuza mimi na mdogo wangu ulitoka mikononi mwake.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Bibi, "Ulijuaje kwamba hakuwa wake?"

"Sikujua," alisema.

"Basi kwa nini hukukubali afukuzwe?"

"Kwa sababu sikujua."

Jibu hilo nimelitafakari miaka mingi. Bibi hakuwahi kukana kwamba wapo simba wa kutumwa. Aliamini mpaka anakufa, na fidia aliyoidai hakuipata. Ila katika uchungu ule, alipopewa mtu wa kumlipizia kisasi, alichagua kwenda kuuliza. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa kitu chochote alichoniachia. Lau angesema neno moja tu uani pale, tungekuwa na majivu ya nyumba ya mtu, na njaa juu yake.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, nasomesha hitima kwa ajili ya wazee wangu. Nampa maalimu majina, na la Mzee Mbonde limo. Mwaka jana alikuja maalimu mgeni, akaniuliza huyu Mbonde alikuwa nani kwetu, maana jina si la huku.

Nikamwambia asome tu, ni baba yetu.