Sufuria Mbili, Meza Moja

Mama Mwiko alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuazima mwiko wa mtu. Alikuwa na wake, uliolika upande mmoja kwa miaka ishirini na miwili ya kupikia wanafunzi. Ndiye aliyeanzisha shughuli ya kulisha watu katika ukumbi ulio nyuma ya soko. Siku moja baada ya kustaafu alimkuta muuza mboga akimwaga nyanya pipani kwa kosa la kubonyea tu, akamshika mkono: "Wewe, hiyo nyanya imekukosea nini?" Kesho yake aliwapikia wabeba mizigo zile nyanya. Baadaye waokaji wakaanza kuleta mikate ya jana, maduka yakaleta nafaka, na sasa kila adhuhuri watu sitini walikula chakula ambacho kingeishia jalalani.

Halafu akaja wifi yake.

Dada huyo wa mumewe alikuwa mpishi wa hoteli hadi magoti yalipomgomea. Alikuja kumenya vitunguu tu, eti. Mwezi haujaisha, ana sufuria yake kwenye meza ileile. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemavyo. Mwenyeji huyu aliugua. Kila aliyejipanga upande wa wifi alimkaa kooni. Alijua nani kahama lini. Kinyozi alihama Jumanne, fundi viatu Alhamisi. Hata mumewe mwenyewe, aliyekuja kutengeneza bomba, alikula kwa dada yake, akarudia, kisha akajifanya anatafuta spana.

"Umeona nini kule?" alimwuliza walipofika nyumbani.

"Dada ana mkono, bwana," mume akajibu, na kwa jibu hilo alikunywa chai bila sukari wiki nzima.

Mwenyekiti wa kikundi kilichosimamia mapishi hayo, seremala asiyetoa penseli sikioni, ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto. "Gesi haitoshi majiko mawili," alitangaza. "Ijumaa tutaangalia sufuria ya nani imeisha. Huyo ndiye mpishi, mwenzake atamenya. Hatuokoi mabaki ili tutengeneze mabaki mengine."

Kumenya! Yeye, aliyemshika mkono muuza mboga!

Ijumaa alipika maharage na kabichi, akayaunga kwa roho yake yote, ila alichungulia upande wa pili mara nyingi kuliko alivyoonja. Mstari wa wifi ulifika mlangoni. Muuza mkaa alipita mbele yake na bakuli mkononi, hakusimama, akasema kwa sauti, "Chema chajiuza." Nusu ya pili hakuisema, na hiyo ndiyo Mama Mwiko aliyoisikia vizuri zaidi.

Saa nane sufuria ya wifi ilikuwa tupu. Yake ilikuwa bado nusu. Akamwona wifi akimnong'oneza mwenyekiti, wote wawili wakatabasamu, kisha wifi akavua aproni na kutoka nje haraka, na magoti yake mabovu hivyohivyo. Anakwenda kujitangaza huyo, Mama Mwiko aliwaza. Hata kungoja niondoke ameshindwa. Roho ilimuuma mpaka masikio yakaziba.

Mwenyekiti alipoingia stoo, Mama Mwiko alinyanyua sufuria yake, akatoka mlango wa nyuma na kuimwaga yote pipani. Chakula cha watu kumi na zaidi, cha moto bado. Akakifunika kwa majani ya kabichi, akasuuza sufuria bombani, akarudi mezani akihema.

"Imeisha?" mwenyekiti alishangaa. "Yote?"

"Kwani ulidhani nini?"

Mlango ukafunguliwa. Wifi aliingia akichechemea, na nyuma yake vibarua wanane wa jengo linalojengwa mtaa wa pili, saruji hadi kwenye nyusi, kila mmoja na chombo chake.

"Wifi, nimekuletea watu!" alisema akitweta. "Nimemwomba mwenyekiti asifunge kwanza. Hawa hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nimewaambia, mimi hoteli ilinifundisha mengine yote, lakini kuunga maharage nilifundishwa na wifi yangu. Haya, pakua!"

Mama Mwiko hakupakua. Kibarua wa mbele akafunua sufuria mwenyewe, akaangalia ndani, akarudisha kifuniko polepole.

"Mama, si ungetubakizia hata kidogo," akasema bila hasira. "Lazima yalikuwa matamu."

Wifi aliitazama sufuria iliyolowa maji. Akautazama mlango wa nyuma. Kisha macho yakashuka hadi kwenye kiatu cha Mama Mwiko, ambako harage moja lilikuwa limenasa kwenye mkanda. Alielewa, na Mama Mwiko akaona kwamba ameelewa. Alingoja wifi apige kelele. Alitamani apige kelele, wamalizane.

Wifi aliinama kwa taabu, akaliokota lile harage, akalifumbata kiganjani.

"Yameisha, jamani, tumechelewa," aliwaambia vibarua. "Njooni niwakatie mikate." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Na jiko mpe wifi. Mimi magoti yangu yanataka kiti, nitamenya."

"Basi hongera, Mama Mwiko," mwenyekiti akasema. "Jiko ni lako."

Alibaki amesimama na mwiko wake mkononi, akimtazama wifi akikata mikate ya jana vipande vyembamba ili iwatoshe watu wanane. Hajawahi kumwonea wivu kiasi kile.