Seva Iliyopokea Faili Nne

Karwitha hakuwa mtu wa kuamini neno la mkubwa yeyote. Alikuwa karani wa kikundi cha kutetea ardhi ya umma, chenye chumba kimoja juu ya duka la cherehani mjini Nyeri, na kwa miaka mitatu alikuwa ameziandikia barua afisi ambazo hazikumjibu hata kwa matusi. Lakini mwaka huo wa 1998 aliiamini mashine, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Mashine yenyewe ilikuwa laptop kuukuu, msaada wa kanisa moja la ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya wazee thelathini na mmoja wa Giakanja, kila mmoja akieleza jinsi kiwanja cha josho la ng'ombe kilivyokuwa mali ya kijiji kabla ya bwana mmoja mwenye marafiki serikalini kukizungushia seng'enge. Kesi ilikuwa isikilizwe Alhamisi. Karatasi kikundi hakikuweka tena. Mwaka uliotangulia, watu wasiojitambulisha walikuja asubuhi peupe, wakabeba majalada na disketi zote kwa magunia ya viazi. Tangu siku hiyo kamati iliamua kwamba nakala itakaa Nairobi, kwenye seva ya marafiki, mahali ambapo gunia halifiki.

Fuad, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Majengo, ndiye aliyewaandikia skripti, yaani orodha ya amri ambazo laptop ilizifuata yenyewe. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni, bei ya simu inaposhuka, modemu ilipiga simu Nairobi, ikatuma faili moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa majina, kisha kiooni pakatokea maneno: NAKALA IMEKAMILIKA. Kwa wiki kumi na nne Karwitha aliyasoma maneno hayo, akafunga mlango na kwenda nyumbani na moyo mweupe.

Jumatatu ya wiki ya kesi, laptop ilianza kugonga kwa ndani. Fuad aliitwa, akaitegea sikio.

"Diski inakufa hii, dada. Lakini usiwe na wasiwasi. Si mna nakala?"

Akaiunganisha na seva kwa simu, akahesabu faili zilizofika, akahesabu tena.

"Ziko ngapi?" Karwitha aliuliza.

"Nne."

"Nne na ngapi?"

"Nne tu. Na ya nne imekatika katikati."

"Fuad, imeniambia imekamilika. Mara kumi na nne!"

"Huo ni mstari wa mwisho wa orodha. Niliiamuru iandike hivyo ikifika hapo."

"Hata kama haijatuma kitu?"

Fuad alijikuna shingo. "Hata kama."

"Basi umeniletea chifu ndani ya afisi yangu! Mimi napigana na watu wanaoripoti kisima kimechimbwa mahali pasipo hata shimo, nawe unanifundishia mashine kufanya vivyo hivyo!"

Fuad aliivuta laptop kwake. Alianza kutuma upya. Dakika ya tatu laini ilikatika, na sauti ikapanda kutoka chini.

"Nyinyi wa huko juu! Simu ina mvua tena!"

Alikuwa Kibibi, mama yake Aaliya, mshonaji wa duka la chini, ambaye simu yake ilitumia laini moja na ya kikundi. Walimshukia mbio. Aliwaeleza bila haraka, pini midomoni, kwamba kila Ijumaa saa ya bei nafuu alitaka kumpigia kaka yake Isiolo. Akiinua mkono wa simu husikia kelele kama ya mvua, basi huuweka, huuinua tena, huuweka, mpaka kelele ikome. Kumbe kila alipouinua, aliikata modemu.

"Mbona hukutuambia, Mama Aaliya?"

"Niwaambie nini? Lini simu za hapa zilikuwa nzima?"

Karwitha alitafuta wa kumgombeza, akamkosa. Hayo ndiyo madhara makubwa ya utumishi mbovu: raia huuzoea, na mwishowe hatambui tena kilichoharibika leo na kilichokuwa kibovu tangu jadi.

Kibibi aliketi kando ya simu ailinde. Juu, Fuad alitaka kuanzisha orodha tangu mwanzo.

"La. Kwanza mzee Nderitu," Karwitha alisema. Nderitu alikuwa amebeba mawe ya kujengea josho lile, naye alizikwa Agosti. "Wengine naweza kuwauliza tena."

"Skripti inafuata majina, dada."

"Iache skripti yako. Andika amri kwa mkono."

Faili ya Nderitu ilipotumwa, alidai irudishwe kutoka kwenye seva, akaisoma mpaka neno la mwisho. Akadai iwe hivyo kwa kila faili.

"Ukisoma kila moja hatutamaliza. Diski haitangoja."

"Nataka chache ninazojua zimefika. Za kuambiwa nimechoka nazo."

Faili ya kumi na tisa ilipokwisha kurudi, kugonga kulikoma na kioo kikawa cheusi. Fuad alisema, mara mbili, kwamba bila kusomasoma huenda zote thelathini na moja zingepita. Karwitha aliandika kwenye daftari majina ya wale kumi na wawili ambao maelezo yao yamepotea.

Mugendi, mwenyekiti wa kamati, alishauri wazee wasiambiwe. Wakili wa kesi apewe kumi na tisa, aseme ndizo zote. Karwitha alimkatalia. Jumanne asubuhi alishika njia ya Giakanja, kwa watu kumi na wawili, akaanzia kwa bibi Kajuju, aliyekuwa akichagua maharagwe uani.

"Ati imeenda wapi?"

"Imepotea, shosho. Kosa ni letu."

"Masaa mawili nimekaa nikiongea na hiyo sanduku yako! Kuku wakaingia jikoni wakamaliza mchele ya Wang'uru, na mimi naongea tu!"

"Ni kweli, shosho. Ukinifukuza, una haki."

Kajuju alipepeta maharagwe yake. Mawe mawili akayatupa nje ya ungo.

"Ile siku sikukwambia yote," alisema hatimaye. "Shemeji yangu alikuwa amekaa hapo. Yeye ndiye alionyesha huyo mtu pahali pa kuweka seng'enge. Leo ameenda Karatina sokoni. Lete hiyo kiti."

Karwitha alikivuta kiti, akafungua daftari, akamwomba aseme polepole.