Kengele Chini ya Ndoo

Mama mkwe wangu alikuja Sydney kututembelea kwa miezi mitatu, dunia ikafungwa, akakaa kwangu miaka miwili. Nasema kwangu kwa makusudi, maana yeye aliiita nyumba ya mwanawe. Alivihamisha vyombo vyangu makabatini, akaonja mchuzi wangu na kuutia chumvi nikiwa nimesimama pale pale, na kila Jumapili baada ya ibada ya kwenye simu aliniombea mtoto kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Mume wangu alikuwa akicheka. Yule mwanaume akikaa karibu na mama yake, mifupa yote inamwisha.

Jambo moja tu mimi na mama mkwe tulikubaliana, nalo ni kujifukiza. Wakati ule wa corona nyumbani Tanzania kila mtu alikuwa akijifukiza, na sisi wa huku tukafuata. Unachemsha sufuria ya maji yenye mchaichai, tangawizi, maganda ya limau na majani ya mkaratusi, unaikalia karibu, unajifunika blanketi gubigubi na kuvuta mvuke mpaka jasho likutiririke. Mama mkwe alipoona mikaratusi imejiotea tu kando ya barabara za Guildford, wala haina mwenyewe, alipiga vigelegele. "Wazungu wamekalia dawa na hawana habari!" Akawa anarudi matembezini na kanga imejaa majani.

Mdogo wangu alikuja kwetu kwenye baridi ya mwaka wa pili wa corona, ule mwaka mitaa yetu ya magharibi ilipobanwa kuliko mingine yote. Alikuwa mwanafunzi, akikaa Cabramatta kwenye nyumba ya kuchangia na wasichana wengine. Alipoanza kukohoa, wenzake walimtolea begi nje wakafunga mlango. Akaenda kupimwa, na bila kungoja majibu akaja kwangu, kofia ya sweta ameishusha mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa marufuku kupokea mgeni. Helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya mapaa yetu, wanajeshi wanagonga milango, na faini inatajwa kwenye redio kila saa. Lakini nimfukuze mtoto wa mama yangu? Thubutu!

"Akae, ila asionekane," mume wangu akasema. Mama yake akaongeza kwamba asilale karibu nasi asije akatumaliza, akamtandikia godoro kwenye chumba cha kufulia nguo, kule nyuma kinakopakana na gereji. Ni chumba kidogo, cha mashine na sinki tu. Dirisha lake mama mkwe alikuwa ameliziba kwa karatasi ya gundi tangu baridi ianze, na sasa akachukua taulo akaziba upenyo wa chini ya mlango ili corona isitoke. Mdogo wangu alicheka. "Dada, mmeniweka na nguo chafu," akanitumia ujumbe kutoka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa na mafua, koo lilikuwa likimwasha, lakini alikula, na alinitumia vichekesho mpaka nikamwambia alale. Nikapiga simu kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikasema siji.

Siku mbili za mwanzo maji nilichemsha mimi, kwenye jiko la umeme, nikampelekea sufuria, nikakaa naye mpaka yapoe. Mama mkwe hakuridhika. Alisema moto wa umeme ni moto wa wavivu, mvuke unapoa kabla haujaingia kifuani. Siku iliyofuata ikabidi nami niende kupimwa Smithfield, maana kazini walitaka majibu yangu kabla sijarudi. Foleni ya magari ilikuwa imejaa barabara nzima. Nilikaa ndani ya gari tangu asubuhi mpaka alasiri, nasogea hatua, nasimama.

Yaliyotokea nyumbani alikuja kunisimulia mume wangu, vipande vipande, huku analia. Nilimwacha alie.

Nilipotoka tu, mama yake alichukua jiko letu la makaa, lile la nyama choma za Jumamosi, akalikoleza gerejini kisha akalibeba mpaka chumba cha kufulia. Akaweka sufuria juu yake ili ichemke mfululizo, akamfunika mdogo wangu blanketi, yeye na sufuria na jiko, akatoka, akafunga mlango na kurudisha taulo. Baada ya muda mdogo wangu akaita kwamba kichwa kinampasuka. Mama mkwe akaingia, akamkuta ametapika. "Ndiyo inatoka hiyo, mwanangu, vumilia," akamwambia kwa furaha, akamwongezea blanketi la pili, akaongeza na makaa. Alipotoka alikuwa anaona kizunguzungu mwenyewe, akajitupa kwenye kochi akisema ugonjwa umemrukia.

Hapo kengele ya gesi ikalia. Ilikuwa koridoni, mwenye nyumba aliifunga kwa ajili ya hita ya gesi ya sebuleni. Pembeni yake palikuwa na ile ya moshi, inayopiga kelele kila tukikaanga samaki, na kwetu zote mbili dawa yake ilikuwa ni moja, kuzipepea kwa kanga. Waswahili wote ninaowajua Sydney hufanya hivyo, mmoja anakaanga, mwingine anapepea. Mama mkwe akainuka akashika kanga, akapepea mpaka akachoka. Haikunyamaza. "Mvuke umeichanganya," akasema. Basi mume wangu, bwana mkubwa, akapanda kiti, akaing'oa, akaipeleka uani na kuifunika kwa ndoo. Ililia chini ya ndoo kwa muda, kisha ikanyamaza, naye akaona ameshinda. Akarudi kutazama mpira wake.

Jirani yetu, mzee wa Kilebanoni, alikuwa akianika nguo. Aliyaona yote hayo juu ya uzio, akapiga simu zimamoto.

Nilipokata kona ya mtaa wetu nikaliona lile gari jekundu mbele ya nyumba. Mama mkwe amesimama kwenye nyasi na kanga yake, mume wangu na malapa yake. Nilishukuru Mungu kuwaona, jamani, nawaambia kweli, nilishukuru. Mume wangu alikuwa anatabasamu lile tabasamu lake la kuongea na wakubwa wa kazini. "All good, mate," alikuwa akisema, "ni mama tu alikuwa anapika." Kiongozi wao alikuwa mwanamke, barakoa usoni, na kwenye kifua chake kulikuwa na kipimo kidogo kinacholia kila alipousogelea mlango wetu. Akamjibu kwamba hamsikilizi yeye, anakisikiliza kile.

Kumbe kabla sijafika alikuwa ameshauliza swali ambalo huwa wanaliuliza mwanzo kabisa, ni wangapi wanaishi mle na kama wote wametoka. Mume wangu akajibu wote wametoka, yuko yeye na mama yake, mke amekwenda kupimwa. Akauliza kama kuna mwenye kuumwa kichwa. Hakuna, wakati mama yake amekishika kichwa kwa mikono miwili! Basi wenzake wawili wakavaa mitungi ya hewa na kuingia, lakini waliingia kama watu walioambiwa nyumba ni tupu. Wakaanza na hita ya sebuleni, wakaizima, wakapima, wakafungua madirisha ya mbele. Kwa utaratibu.

Nikamwuliza mama mkwe, "Mdogo wangu yuko wapi?"

Akanifinya mkono. "Shhh! Polisi wakija tutapigwa faini. Katulia, kalala."

"Kalala wapi?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anayatazama malapa yake, yule mbwa, anayatazama kana kwamba ndiyo kwanza ameyaona.

Nikapiga ukelele kwa Kiingereza, sijui nilisemaje, kwamba kuna msichana chumba cha kufulia, kule nyuma. Yule mwanamke hakuuliza mara mbili. Alisema kwenye redio yake, na nikasikia mabuti mle ndani yakianza kukimbia. Nami nikakimbilia mlangoni, akanidaka kiunoni na kuning'ang'ania. "Ukiingia, nitakuwa na watu wawili wa kubeba," akaniambia. Nilimpiga ngumi za mgongo. Hakuniachia.

Mlango ulikuwa mgumu kwa sababu ya taulo, wakaupiga teke. Walimtoa akiwa bado kwenye mablanketi, mchaichai umemganda shingoni, wakamlaza kwenye nyasi na kumwekea oksijeni. Mwili wake ulikuwa wa moto. Midomo ilikuwa myekundu, myekundu vizuri, kama aliyepaka rangi kwenda harusini. Mama mkwe akapiga makofi. "Bwana asifiwe! Tazameni rangi ilivyomrudi!"

Mwanamke wa zimamoto hakujua Kiswahili, na nilifurahi kwamba hajui.

Gari la wagonjwa likamchukua, mimi nikaambiwa nisipande kwa sababu ya corona. Nikabaki nimesimama huku wao wanamaliza kazi yao. Walilitoa jiko, wakalimwagia maji uani, wakaweka feni kubwa mlangoni, kisha wakapita na kipimo chumba kwa chumba mpaka kikasoma sifuri. Yule mwanamke akaniletea kengele yetu mkononi. Akanieleza taratibu, neno kwa neno, kwamba gesi ya makaa haina harufu wala moshi, na ule wekundu wa midomo ndiyo alama ya sumu yake. Kengele ikilia ni kutoka nje wote na kupiga simu, na kuhesabu waliotoka. Mume wangu akadakia kwamba lakini ilipofika uani ilinyamaza yenyewe.

"Ilinyamaza kwa sababu uani kuna hewa," akamjibu.

Hawakuandika faini. Hata mgeni hawakuuliza ni wa nani. Polisi wa kututoza faini hawakuja siku ile wala siku nyingine yoyote.

Mdogo wangu hakuzinduka. Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, maana ndani hawakuniruhusu, daktari akinipigia simu kila baada ya muda. Simu ya mdogo wangu nilikuwa nayo mimi, niliiokota kando ya godoro lake. Ikaita mlio wa ujumbe, nikadhani ni mmoja wa wale wenzake wa Cabramatta amekumbuka utu. Yalikuwa majibu ya kipimo. Hana corona, walimwandikia, anaweza kuendelea na shughuli zake ila apumzike mpaka mafua yaishe. Nikausoma ule ujumbe mpaka kioo kikazima. Jioni daktari akapiga kwa mara ya mwisho.

Niliporudi nyumbani mume wangu alinipigia magoti jikoni. "Mke wangu, nakuomba, mwambie mama yako ni corona. Watu wanakufa dunia nzima, nani atauliza?" Nikamwambia aondoke mbele yangu. Nilishaamua nitamwambia mama kila kitu, jiko, taulo, ndoo, na ule uongo wa kwenye nyasi. Nilimchukia mama mkwe wangu kwa namna ambayo sikujua binadamu anaweza kumchukia mwenzake, na nilitaka kwetu Korogwe nzima imchukie. Bado namchukia, sitaficha.

Nikampigia mama simu, akapokea. Nikamwambia mdogo wangu hatunaye. Akalia, na wanawake waliokuwa naye wakalia, na simu ikaanguka, nikasikia kuku wa uani kwetu. Nilingoja. Alipoiokota sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mlimfukiza lakini?"

Nilikuwa nimepanga kuanza na jiko la makaa.

"Tulimfukiza, mama."

"Nani, wewe?"

"Mama mkwe."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi Mungu ambariki. Nilikuwa nikijiuma, mwanangu anaumwa ugenini hana hata mtu wa kumshikia blanketi. Kumbe alikuwa na mama. Hebu mpe simu nimshukuru."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote, na mkono ameshaunyoosha.

Nikampa.