Mguu Mzima Unategea

Pale kwenye maabara ya kupima nguvu za wanamichezo, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Mama Tena, kwa sababu hilo ndilo neno lililokaa mdomoni mwake kuliko yote. Ukipiga teke kwenye mashine mpaka macho yakutoke, yeye atakutazama, atakohoa kidogo, halafu atasema, "Tena." Mumewe, fundi viatu asiyeishiwa maneno, huapa kwamba siku ya kwanza alipomwambia anampenda, jibu alilopata ni hilo hilo.

Kazi ya magoti hakuianzia kwenye kiti cha kuzunguka. Miaka mingi alikuwa mtu wa pembeni mwa uwanja, wa kubeba barafu na bandeji. Mpira ukiisha, mashabiki wanaimba huko nje, yeye anabaki chumba cha kubadilishia nguo na mtu mmoja anayelia. Alichoka kuwaambia watu "pole" bila kujua la kuongeza, akaenda chuo cha tiba ya viungo akiwa mtu mzima, akakaa darasani na vitoto vilivyomwamkia kila asubuhi. Alipohitimu, Daktari aliyekuwa akiongoza utafiti alimchukua, na tangu hapo amekuwa akipasha viganja vyake joto kabla ya kumgusa mtu, maana, anasema, goti lililoumia lina woga kama paka.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa swali moja: goti lililopasuliwa na kutengenezwa lirudi uwanjani lini? Zamani watu walihesabu miezi, wakaongeza ujasiri kidogo, wakarudi kucheza, na wengi wao goti likakatika upya. Daktari na watu wake walikuwa wakipima nguvu. Unakaa kwenye kiti, unafungwa mikanda kifuani na pajani, kifundo cha mguu kinafungwa kwenye mkono wa chuma, unarusha teke kwa nguvu zako zote, na mstari unapanda kwenye skrini. Unapimwa mguu ulioumia, kisha mguu mzima. Ulioumia ukifikia sehemu tisa katika kumi za nguvu za mwenzake, nenda kacheze. Usipofikia, rudi kwenye mazoezi.

Kipimo kizuri, ila kina tundu. Rula yake ni mguu mzima, na mguu mzima una mwenyewe. Daktari hakuchoka kuwaonya: "Mguu mzima ni shahidi wetu, na shahidi anahongeka." Wachezaji walikuwa wamekwisha kulijua tundu hilo. Walinong'onezana kwenye vyumba vya kubadilishia nguo: ukifika mguu mzima, tegea. Teke lako liwe la uvivu, miguu yote miwili itoke sawa, upewe ruhusa. Ni kama mwanafunzi aliyefeli kuombea darasa zima lifeli. Mama Tena alikuwa amewakamata wengi, akawacheka, akawarudisha kwenye mazoezi, wakamnunia wiki nzima kisha wakamsamehe.

Asubuhi hiyo aliyeingia alikuwa mdogo wake.

Kitinda mimba wao, binti, winga wa timu ya wanawake; watu wa mpira walimwita Mshale. Mama yao alikuwa mfuaji, mikono ndani ya maji toka kukicha, kwa hiyo mtoto yule alilelewa mgongoni mwa dada yake. Goti lake lilikatika uwanjani bila hata kuguswa na mtu. Aligeuka tu, kama alivyogeuka maelfu ya mara, akaanguka. Tangu upasuaji alikuwa amefanya mazoezi kama mtu anayedaiwa roho. Na sasa timu ya taifa ilikuwa imemwita. Orodha ilikuwa inafungwa saa sita mchana huo, na umri wake haukuwa wa kuitwa tena baada ya hapo. Hilo alilijua yeye, alilijua kocha, na Mama Tena alilijua kuliko wote.

"Nipime, dada," alisema Mshale, kashika viatu mkononi.

"Ndugu hapimi ndugu. Unaijua sheria yetu."

"Mpimaji mwenzako si amesafiri kwenda kuzika? Harudi leo. Kwa hiyo nijipime mwenyewe?"

Mama Tena alimpigia simu Daktari, aliyekuwa mkutanoni, kwa matumaini makubwa kwamba angekataa. Daktari hakukataa. "Mwenyewe umeniambia kabla, basi. Nakuamini. Pima," alisema, akakata. Kuaminiwa nako ni mzigo jamani, asikudanganye mtu.

Wakaanza na mguu wa kushoto, ule wa upasuaji. Hapo hapakuwa na mchezo. Mshale alishika vipini vya kiti, mishipa ya shingo ikasimama, akarusha teke na sauti ikamtoka kooni. Mstari ukapanda, ukapanda tena, ukakomea mahali pazuri kuliko mwezi uliopita. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mama Tena alimpa taulo na moyoni akasema, huyu mtoto kajitahidi, Mungu anaona.

Kisha mguu wa kulia.

"Teke," alisema Mama Tena.

Mshale akarusha. Mstari ukapanda, ukalala karibu kabisa na ule wa kwanza.

"Tena."

Akarusha. Mstari ule ule. Na sauti haikutoka kooni, na shingo ilikuwa laini, na kati ya teke na teke Mshale aliuliza kama watoto wa dada yake wamepona mafua.

Mashine ilikuwa imeshatoa jibu lake: sehemu tisa na zaidi, ruhusa. Angeweza kuliacha hivyo hivyo. Asingekuwa amesema uongo hata mmoja, mashine ndiyo iliyosema. Mama yao angepiga vigelegele mtaa mzima. Lakini akikumbuka mwezi uliopita, mwenzake alipokuwa akimpima, mguu huu huu wa kulia ulivyokaribia kung'oa kiti, alijua anamwangalia mdogo wake akijichimbia shimo, tena anachimba huku anatabasamu.

"Huo mguu umechoka?" aliuliza.

"Ndio nguvu zake hizo."

"Nitazame usoni uniambie."

"Dada, ndio nguvu zake." Macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. "Saa sita inakaribia. Niandikie nikimbie."

Simu ya Mshale ikaita juu ya meza. Kocha. Ikaita mpaka ikanyamaza, na wote wawili waliitazama bila kusogea. Angemwambia waziwazi kwamba anategea, mtoto angekana mpaka jioni, na neno la dada lingegongana na neno la mashine. Angemwomba teke jingine, angepata la uvivu jingine. Kumlazimisha Mshale hakukuwahi kumfaa mtu, hata mama yao na mwiko wake alishindwa. Kitu kimoja tu kiliwahi kumshinda mtoto yule tangu utotoni: hakuweza kuvumilia kupitwa. Ukimwambia fulani amewahi bombani, atakimbia na ndoo tupu.

Mama Tena alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgonjwa yeyote. Alianza kufungua mkanda wa pajani, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Haya, tumemaliza," alisema. "Si mbaya. Ingawa Kisulisuli naye, duh. Yule binti ana mguu."

Kisulisuli ndiye aliyechukua nafasi ya Mshale upande wa winga. Mshale aliacha kuitazama saa.

"Kisulisuli alikuja hapa?"

"Wanakuja wengi."

"Alifika wapi?"

Mama Tena akaweka kidole kwenye skrini, juu sana, mahali penyewe alipaokota tu. Kisulisuli hakuwahi kukanyaga maabara ile.

"Mguu upi?"

"Wa kulia."

Mshale alicheka kwa pua. "Muongo. Yule mtoto hana paja."

"Basi mashine ndiyo iliyosema uongo. Inuka, twende."

Hakuinuka. Mama Tena aliona taya likikaza, aliona vidole vikirudi kwenye vipini kimoja kimoja, na nusu ya moyo wake ikaomba mtoto asikubali, ashuke, aende zake na ruhusa yake ya uongo. Nusu nyingine ilikuwa imeshaushika mkanda.

"Nifunge," alisema Mshale.

Alimfunga. Hakusema "teke."

Mguu wa kulia uliruka na kiti kizima kikagumia. Mstari uliupita ule wa kushoto kana kwamba umesimama, ukapanda, ukapita mahali pa kidole, ukaendelea. Mshale alipiga ukelele wa ushindi, ule ule wa bao, mikono juu. "Umeona? Kisulisuli gani?"

Kisha akaona uso wa dada yake.

Mikono ikashuka yenyewe. Akaitazama skrini, mistari miwili, mmoja chini na mmoja juu, na nafasi iliyokuwa katikati yao. Hakuhitaji kufafanuliwa.

"Hakuja hapa," alisema kwa sauti ndogo.

"Hakuja."

"Umenidanganya. Wewe."

"Nimekudanganya. Na wewe ulikuwa unanidanganya mimi." "Goti hilo halijafika, mdogo wangu. Ukigeuka nalo uwanjani litakatika, na safari hii halitengenezeki. Nichukie. Mimi nilikubeba mgongoni, siwezi kukubeba tena."

"Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Unajua?"

"Najua."

"Unajua, halafu umefanya hivyo."

"Ndiyo."

Simu ikaita tena. Mama Tena alinyoosha mkono, maana kazi ya kumwambia kocha ilikuwa yake, ya mpimaji. Mshale akamtangulia. Alikuwa bado amefungwa kifuani na pajani, akajinyoosha mpaka akaifikia, na kocha alikuwa na sauti ya kusikika chumba kizima.

"Wewe! Karatasi iko mbele yangu. Umepona au hujapona?"

Mshale alifumba macho. "Sijapona, kocha."

"Nani kasema? Ni huyo dada yako? Mpe simu niongee naye. Jana uliniambia uko fiti!"

Mama Tena alisogea kuichukua. Mshale akageuzia simu upande wa pili, mbali naye.

"Dada hajasema kitu," alisema. "Nimejipima mwenyewe. Jana nilikudanganya. Mguu hauko tayari, andika mwingine. Na dada yangu usimpigie."

Akakata. Akaiweka simu mapajani, juu ya mkanda, na kifua chake kikaanza kupanda na kushuka.

Mama Tena alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kununiwa mwaka mzima, hata kwa kofi. Hakuwa amejiandaa kukingiwa kifua. Alipiga magoti kuufungua mkanda wa kifundo cha mguu, na vidole vyake, vilivyoufungua mkanda ule kila siku ya kazi, havikukiona kifungo chake. Mshale alimtazama akihangaika, machozi yakimdondokea dada yake kichwani, kisha akainama akaufungua mwenyewe.